Ukiiona Vizuri, Ikatae

Walimpima uzito, wakamfunga mkanda wa presha mkononi, wakamvalisha vipokea sauti na kumwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Yote hayo yalipita bila shida. Kijana alikuwa mzima kama chuma. Kilichobaki kilikuwa kitabu cha madoa, na hicho ndicho kilichomnyima usingizi tangu alipopata barua ya kuitwa.

Kila ukurasa wa kitabu hicho una duara lililojaa madoa ya rangi mbalimbali, na katikati ya madoa imefichwa namba. Mwenye macho ya kawaida anaiona papo hapo, kama anavyoiona pua ya mwenzake. Kijana haioni. Kwake karibu kila ukurasa ni changarawe zilizomwagika sakafuni. Na chuo cha urubani kilikuwa kimeshampokea. Walichokuwa wanasubiri ni cheti cha afya tu. Bila cheti, nafasi yake angepewa mwingine, naye angerudi nyumbani kumwambia mama yake kwamba safari imeishia mlangoni.

Mama yake mwenyewe alikuwa nje, kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani. Alifunga cherehani yake siku hiyo na kuwaambia wateja wa nguo kwamba anamsindikiza mtoto hospitali. Hakusema zaidi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Alifunga mapazia, akawasha taa nyeupe juu ya meza, akakiweka kitabu chini yake.

"Hii taa inashika nafasi ya jua," alisema. "Nitafungua, utasema unachokiona. Usiguse ukurasa. Na usifikiri sana, macho hayafikiri."

"Sawa, daktari."

Akafungua.

"Kumi na mbili," alisema kijana. Hiyo aliiona. Ukurasa wa kwanza kila mtu anauona, umewekwa ili kumjua anayejifanya haoni kabisa.

"Nane," alisema kwenye wa pili, na hapo hakuona kitu. "Sita. Ishirini na tisa. Hamsini na saba."

Kalamu ya daktari ilikuwa inatembea. Kijana alikuwa anasoma, ila si kutoka kwenye kitabu. Alikuwa anaisikia sauti ya mjomba wake, ile sauti nzito ya mtu aliyezoea kupiga kelele kando ya injini, ikimwambia namba moja baada ya nyingine kama jedwali la kuzidisha.

Mjomba huyo, kaka yake mama, alikuwa dereva wa trekta pale uwanja wa ndege. Alikuwa anavuta mabehewa ya mizigo kutoka jengo la abiria hadi tumboni mwa ndege na kurudi, na kwa kuwa siku zote alikuwa na kitu kinachomfuata nyuma, wenzake walimwita Trela. Jina likamshika hadi nyumbani. Alipokuwa kijana alitaka kuwa rubani, akaenda kupimwa. Mpimaji alimfungulia kurasa chache, akafunga kitabu na kumwambia, "Wewe hufai. Mwite anayefuata." Maneno yenyewe yalikuwa hayo tu. Mjomba Trela alitoka, akazunguka uwanja mzima akiuliza kazi yoyote ile, mradi iwe karibu na ndege.

"Kapteni anaanza kazi mimi nikishamaliza yangu," alikuwa akipenda kusema. "Aondoke bila mizigo tuone kama abiria watampigia makofi."

Macho yake yalikuwa kichekesho cha ukoo. Aliwahi kununua shati alilodhani ni la kahawia, akalivaa kwenye harusi, nalo lilikuwa kijani kama jani la mgomba. Nyanya aliziminya kwa kidole gumba ajue zilizoiva, na wauzaji wa sokoni walimfukuza. Mwishowe dada yake alianza kumtilia fundo la uzi ndani ya kola za mashati, ili apapase na kujua lipi ni lipi. Watu walicheka, naye alicheka kuliko wote.

Kisha mpwa wake akaanza shule, akapaka ng'ombe rangi ya kijani, na mwalimu akamwita mama. Siku hiyo Trela hakucheka. Alimbeba mtoto akamweka kwenye kiti cha trekta na kumwita Kapteni, na jina hilo halikutoka tena.

Kitabu cha madoa alikipata kwenye duka la miwani lililokuwa linafungwa. Jalada lilishatoka, lakini kurasa zilikuwa kamili. Kila Jumamosi asubuhi, akitoka zamu, alikuja nacho mezani kwa dada yake. Mama alikuwa na kazi ya kuwa macho ya wote wawili. Aliangalia ukurasa, akataja namba, nao wakairudia mpaka ikaingia.

"Kaka, huu si udanganyifu?" aliuliza mama siku moja.

"Udanganyifu ni kumnyima mtu kazi kwa sababu ya madoa," alijibu Trela. "Ndege haina madoa. Geuza ukurasa."

Jumamosi nyingine mama aligeuza ukurasa, akanyamaza. "Hapa hakuna kitu," alisema. "Ni madoa matupu."

"Tano," walisema mjomba na mpwa kwa pamoja.

Wakatazamana. Mama akakisogeza kitabu dirishani, akakipindua, akafumba jicho moja, hakuona tano wala chochote. Trela alicheka mpaka akashika meza.

"Kwa hiyo kuna namba ya kwetu peke yetu. Wametutegea mtego, mpwa wangu. Anayeiona ndiye mgonjwa." Kisha akafuta machozi ya kicheko na kuinua kidole. "Sikiliza vizuri. Zipo kurasa nne za namna hii, zinakuja baada ya sabini na tatu. Hapo ndipo watu wa kwetu wanaponaswa. Kwa hiyo wewe ukiiona vizuri, ikatae. Sema hakuna kitu."

Miezi michache kabla ya barua ya kuitwa kufika, Trela alirudi kutoka zamu, akala, akajilaza mchana. Hakuamka. Moyo, walisema. Wenzake walimsindikiza wakiwa na fulana zao za kazi zinazong'aa, na mama alipokuja kugawa nguo zake alishindwa kuyatoa mashati. Mpaka leo yamo kabatini, na mafundo yake kwenye kola.

"Kumi na sita," alisema kijana. Daktari aligeuza. "Sabini na tatu" ilikuwa tayari ulimini, inasubiri kutoka.

Akaiona tano.

Ilikuwa imesimama katikati ya madoa, wazi, haina haja ya kutafutwa. Namba ya kwetu. Lakini namba ya kwetu inakuja baada ya sabini na tatu, na sabini na tatu bado alikuwa hajaitamka.

Kwa muda alidhani labda amejisahau. Akairudisha orodha kichwani, akaikuta iko sawasawa kama alivyofundishwa. Orodha haikuruka. Basi kilichoruka ni kitabu. Mahali fulani huko nyuma ukurasa mmoja ulipita bila yeye kujua, na tangu hapo alikuwa anamsomea daktari kurasa zilizokwishapita, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu asiye na shaka.

"Endelea," alisema daktari.

Angeweza kusema hakuna kitu. Angekuwa amerudi mstarini, na zilizobaki angezipata zote. Huenda daktari alikuwa haangalii, huenda anachoka, huenda anaandika tu. Kijana alimtazama. Kalamu ilikuwa imelala mezani, na haikuonekana kuwa imewekwa hapo sasa hivi.

"Naona tano," alisema.

"Sema tena."

"Naona tano, daktari. Hiyo naiona. Nyuma huko, tangu ule wa kwanza, sikuona kitu. Nilikariri."

Daktari alivaa miwani yake, akamwangalia kama mtu anayeangalia fremu kama imenyooka ukutani.

"Kuna kurasa mbili zilishikana," alisema. "Nilizihisi kidoleni, nikataka kurudi, lakini wewe ulishajibu. Ukanipa namba ya ukurasa ambao sijakuonyesha. Nikasema ngoja nimwache, nione atashukia kituo gani."

Kijana aliinamisha kichwa.

"Nani alikufundisha?"

"Mjomba wangu. Mama alikuwa anatusomea, maana mjomba naye alikuwa haoni. Alikuwa dereva wa trekta uwanjani. Alikataliwa urubani ujanani, hakutaka na mimi nikataliwe."

"Yuko wapi?"

"Tumemzika mwaka huu."

"Pole sana."

"Tumeshapoa, daktari," alijibu, kama watu wanavyojibu, na ilikuwa si kweli.

Daktari alianza kukichambua kitabu mpaka akapata zile kurasa mbili, akazitenganisha kwa ukucha.

"Nikiandika kwamba umedanganya kwenye kipimo, hutagusa ndege. Si chuo hicho tu, popote pale. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Lakini kipimo hakijaisha mpaka nifunge kitabu, na wewe umejisahihisha kikiwa wazi. Kwa hiyo nitaandika kilichotokea mwisho, kwamba kitabu kimekushinda." Akaandika. Kijana alisikia kila herufi. "Sasa niambie. Huyo mjomba wako, walipomkataa, walimpeleka kwenye taa?"

"Taa gani?"

Daktari alivua miwani tena. "Basi hawakumpeleka. Sikiliza, mwanangu. Kitabu hiki ni kikali. Kinamkamata mwenye tatizo kubwa na mwenye tatizo dogo, kinawaweka kapu moja. Wa kuwachambua ni taa. Mtu akishindwa hapa tunampeleka gizani tumwonyeshe taa kama zile atakazokutana nazo kazini, tuone kama anazitofautisha. Akizitofautisha, anaruka kama mwingine yeyote. Asipozitofautisha, hapo ndipo namwambia pole. Muda wote mliokuwa mnakariri, hakuna aliyewaambia?"

"Tulidhani kitabu ndiyo mwisho."

"Haya, inuka."

Chumba cha pili hakikuwa na dirisha. Daktari alimkalisha kwenye kiti cha mbao, akazima taa, wakasubiri macho yazoee. Mwisho wa chumba kulikuwa na kisanduku.

"Zitawaka mbili, moja juu, moja chini. Rangi ni tatu tu, nyekundu, kijani na nyeupe. Unaanza na ya juu. Zinakaa kidogo sana, kwa hiyo uwe tayari. Na hapa hakuna cha kukariri. Kitufe kinachagua chenyewe, hata mimi sijui itakuja ipi."

Kijana alishika kingo za kiti. Hakuna Jumamosi hata moja iliyomwandaa kwa hili. Kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, alikuwa anaulizwa rangi na hakuna mtu nyuma yake wa kumnong'oneza jibu.

Taa ziliwaka.

"Nyekundu, kijani." Ziliwaka tena. "Nyeupe, nyekundu. Kijani, kijani. Nyeupe... nyeupe."

Alijibu haraka, kama alivyozoea, akitaka sauti yake iwe ya mtu anayejua. Walipofika mwisho daktari alihesabu makosa.

"Kosa moja," alisema. "Kijani umeiita nyeupe. Sheria ni kwamba likiwepo kosa tunarudia yote mara mbili. Usiogope, lakini usinijibu mimi. Sitaki jibu la kunifurahisha. Niambie taa inavyokuwa machoni pako."

Maneno hayo yalimwingia. Maisha yake yote alipoulizwa rangi alikuwa anatafuta jibu ambalo mwenye macho mazuri angelitoa. Alikuwa hajawahi kukaa na kuangalia tu, yeye na macho yake. Alivuta pumzi. Taa zilipowaka aliona kwamba nyeupe ina kitu kama uji ndani yake, joto kidogo, na kijani imekaa baridi, imekaza. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake, hakuna aliyempa.

"Kijani, nyeupe."

Hakuharakisha. Hakuchelewa pia. Walikwenda mzunguko wa pili, wakaenda wa tatu. Kwenye wa tatu jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni na alikuwa amesahau kwamba daktari yumo chumbani.

Kisha mwanga mkubwa ukawashwa, akafumba macho.

"Hakuna kosa lingine," alisema daktari. "Raundi zote mbili safi. Umefaulu."

Kijana aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuitikia.

"Kwenye cheti nitaandika kwamba kitabu kimekushinda na taa umeishinda. Mchana na usiku, unaruka. Kila ukija kupimwa usimfiche mpimaji. Mwambie tangu mlangoni kwamba una upungufu mdogo wa rangi, na umwonyeshe karatasi hii."

"Daktari," alisema, "mjomba wangu angefaulu?"

Daktari alifikiri kabla ya kujibu, na kijana akamheshimu kwa hilo. "Sijui. Inawezekana, na inawezekana asingefaulu. Siwezi kumpima mtu ambaye hayupo. Ninachojua ni kwamba alistahili kukaa kwenye kiti hicho."

Mama alipoitwa aliingia na mkoba kifuani, akiutazama uso wa mwanawe kama anatafuta bei. Kijana alimweleza yote palepale, mbele ya daktari, kuanzia kurasa zilizoshikana hadi taa. Mama alisikiliza akiwa amesimama. Aliposikia neno kufaulu, alikaa.

"Na haya macho," aliuliza baadaye, "wameyatoa wapi hawa wawili? Mimi naona. Baba yake anaona."

"Yanapita kwa mama," alisema daktari. "Mwanamke anaweza kuyabeba bila kujua, akampa mtoto wa kiume. Mama yako alimpa kaka yako. Wewe umempa huyu."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe, kama ulivyompa hiyo pua. Na kwa hiyo pua hujamwomba radhi."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kimetoka bila ruhusa, akakizuia kwa kiganja. Tangu mazishi kijana alikuwa hajakisikia.

"Angekuwepo Trela," alisema mama, "angekwambia umwachie na yeye akae kwenye hicho kiti."

"Angekaa bila kuambiwa," alisema kijana.

"Halafu angebishana na taa."

Wakacheka wote wawili, na katikati ya kicheko mama akaanza kulia, kwa utulivu, bila kujificha. Daktari alimsogezea karatasi za kufutia, akajifanya anatafuta mhuri.

Mama alipotulia aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua anaomba kisichoombwa, kama anaweza kuiona hiyo taa.

"Kuna watu wanasubiri, mama."

"Najua. Dakika moja tu. Nimewasomea hawa wawili miaka yote hiyo. Sijawahi kujua wao wanaona nini."

Daktari aliangalia mlango, akaangalia saa, akawapeleka. Mama alikaa kwenye kiti cha mbao, kijana akasimama nyuma yake, mikono mabegani mwake. Taa zikazimwa. Walipokuwa wanasubiri gizani kijana aliwaza jinsi mambo yalivyokuwa karibu kwenda vingine. Kurasa zile zisingeshikana, angesoma orodha ya mjomba yote hadi mwisho, daktari angegonga mhuri, naye angeruka maisha yake yote akiwa mwizi, kila akiona taa za njia ya ndege anajiuliza kama macho yake yanasema kweli. Na asingefundishwa ile namba ya kwetu, asingejua kwamba amepotea. Trela alimfundisha aikatae, lakini kwanza alimfundisha kuitambua. Hilo lilitosha. Lilikuwa zaidi ya kutosha.

Taa ziliwaka.

"Nyekundu juu, kijani chini," alisema mama papo hapo, kama anayetaja nyuzi zake dukani. "Wewe unaonaje?"

"Nyekundu. Na ya chini ni kijani, ila imefifia. Ina baridi."

"Baridi," alirudia mama. Ziliwaka nyingine. "Hii?"

"Nyeupe, mama. Hiyo ina joto kidogo."

"Mimi silioni hilo joto."

"Lipo."

Mama aliunyanyua mkono, akaupapasa mkono wa mwanawe begani mwake, akauacha hapo. "Kaka alikuwa anasema kijani ina baridi," alisema. "Nilikuwa nadhani anatania." Akageuza uso kuelekea alipokuwa daktari. "Asante sana, daktari. Kwa huyu, na kwa yule mwingine."

"Karibu," alisema daktari, na akabonyeza kitufe mara moja zaidi, ingawa dakika ilikuwa imekwisha.